John Walter Gregory: karani aliyelisoma Bonde la Ufa

Mtahiniwa, ukipanda basi la mwendokasi kituo cha Faya, pale Mtaa wa Msimbazi unapotokea kutoka Kariakoo na kukutana na Barabara ya Morogoro, ukaelekea Magomeni, basi litashuka mteremko, litavuka Jangwani juu ya Mto Msimbazi, kisha litapanda tena hadi Mapipa. Umevuka bonde. Mtu akisimama juu ya ukuta wa Manyara, kwenye barabara iendayo Ngorongoro, akatazama ziwa likimetameta chini yake, naye anatazama bonde. Kwa macho mabonde haya mawili ni ndugu: mwinuko huku, mwinuko kule, tambarare katikati. Kwa asili yake si ndugu hata kidogo. Moja lilichimbwa na maji. Jingine lilizama.

Ukiulizwa kwenye mtihani bonde la ufa hutokeaje, ukaanza kueleza mto unavyokata ardhi, utakuwa umejibu swali ambalo hukuulizwa, hata kama kila sentensi yako ni ya kweli. Tofauti hiyo unayotakiwa kuieleza kwa nusu ukurasa ilimchukua mtu mmoja sehemu kubwa ya maisha yake. Soma habari zake taratibu. Hoja zake ndizo hoja utakazozitumia kwenye karatasi.

John Walter Gregory alizaliwa tarehe 27 Januari 1864 huko Bow, mashariki mwa London, kwa baba mfanyabiashara wa sufu. Shule aliiacha akiwa na umri wa miaka 15, akawa karani kwenye minada ya sufu. Mchana alikuwa na madaftari ya bei na mizigo. Jioni alikwenda darasani Birkbeck, chuo kilichowafundisha watu wenye kazi zao za mchana. Kama wewe ni mtahiniwa wa kujitegemea, unayepima vitambaa dukani Mtaa wa Kongo hadi jua lizame ndipo ufungue daftari, maisha hayo huhitaji kuelezwa. Mwaka 1887 aliajiriwa kuwa msaidizi katika idara ya jiolojia ya jumba la makumbusho ya viumbe la London, na shahada yake ya kwanza aliipata baadaye, mwaka 1891. Alianza kazi ya mtaalamu kabla ya kuwa na cheti cha mtaalamu.

Wakati huo wataalamu wa Ulaya walikuwa na ramani za Afrika Mashariki zilizochorwa na wasafiri. Joseph Thomson alikuwa amepita nchi ya Wamasai mwaka 1883. Teleki na Höhnel walifika mwaka 1888 kwenye ziwa ambalo leo tunaliita Turkana. Mwaka 1891 Eduard Suess, mwanajiolojia wa Vienna ambaye hakuwa amekanyaga huku, alizitazama ramani hizo akaona jambo: maziwa na mabonde yamepangana kama mshono mrefu, kutoka bonde la Mto Yordani, kupitia Bahari ya Shamu na Ethiopia, hadi kwetu. Alidai kwamba huo ni mpasuko mmoja mkubwa wa ganda la dunia. Lilikuwa wazo kubwa sana, ila lilikaa mezani. Hakuna aliyekuwa amekwenda na nyundo kugonga miamba ya kuta zile na kuona kama kweli imekatika.

Gregory akaenda. Mwishoni mwa mwaka 1892 aliondoka Uingereza akiwa mwanasayansi wa msafara mkubwa, lakini msafara huo ulivunjika kabla haujafika mbali. Wengi wangerudi nyumbani na kisa cha kusimulia. Yeye alikwenda Mombasa, akakusanya wapagazi wapatao arobaini, wengi wao wakiitwa Wazanzibari, na mwaka 1893 akaingia bara kwa miguu. Alishuka ndani ya bonde, akapita Naivasha, akafika Ziwa Baringo, kisha akageukia Mlima Kenya na kupanda hadi kwenye barafu yake.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana vitabu vingi hupita hapa mbio. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30, begani au kichwani, siku baada ya siku. Vyakula, mahema, vyombo vya kupimia, na kadiri safari ilivyoendelea, mawe. Kila jiwe ambalo Gregory alilivunja ukutani kwa bonde akataka likachunguzwe London lilitembea hadi pwani juu ya mwili wa mtu. Ujuzi wa Bonde la Ufa ulibebwa. Na wewe unayesoma kitabu hiki ulichonunua mjini Dar es Salaam una sababu ya kulikumbuka jambo hilo: Kariakoo yenyewe ilipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia, ambacho kambi yake ilikuwa hapo. Jina la kikosi lilikuwa la Kiingereza. Ulimi wetu ukalifanya Kariakoo, nalo likabaki. Miaka ya msafara wa Gregory na miaka ya vita ile si mbali. Ni kizazi kimoja cha mabega.

Sasa turudi ukutani. Gregory alijiuliza swali lile lile unaloulizwa wewe: bonde hili limechimbwa au limezama? Akatafuta ushahidi ambao ungekubali jibu moja na kukataa jingine.

Kwanza alitazama miamba. Mto ukichimba bonde, tabaka la mwamba lililo juu ya ukingo halipo tena chini. Limesagwa, limebebwa, limefika baharini likiwa mchanga. Kwenye bonde la ufa mambo ni tofauti. Miamba ya juu ya ukuta huweza kupatikana tena chini, ikiwa imeshuka nzima nzima, mara nyingi kwa ngazi: bamba moja limeshuka kidogo, linalofuata limeshuka zaidi, na la katikati limeshuka kuliko yote. Kati ya ngazi na ngazi kuna ufa, yaani mkato mrefu ambamo mwamba wa upande mmoja umeteleza dhidi ya mwamba wa upande wa pili. Nyufa hizo hazikatizi ovyo. Zinakwenda sambamba kwa masafa marefu, ndiyo maana kuta za bonde zimenyooka. Mto haunyooki hivyo, mto hupinda.

Kisha tazama sakafu ya bonde. Naivasha iko takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Kaskazini yake Ziwa Baringo liko kama mita 1,000. Kusini, mpakani kwetu, Ziwa Natron liko karibu mita 600. Chora nambari hizo tatu kwenye mstari mmoja. Sakafu imeinuka katikati na kushuka pande zote mbili. Ni mto gani uliopanda kutoka Natron hadi Naivasha ukashuka tena Baringo huku ukichimba? Na kwa nini njiani kuna maziwa kadhaa yasiyo na mto wa kuyatoa maji kwenda baharini? Bonde la mto humwaga maji yake. Bonde la ufa huyakusanya, jua linayala, magadi yanabaki.

Hoja ya tatu ni ya kwetu zaidi, nami huiona kuwa ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 770 juu ya bahari, lakini kina chake kinafika takriban mita 1,470. Toa hesabu. Sakafu ya ziwa iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari, mamia ya kilomita kutoka pwani. Mto unaokwenda baharini hauwezi kuchimba shimo lenye kina kikubwa hivyo chini ya bahari yenyewe. Ukiandika hoja hii na hesabu yake, msahihishaji ataona kwamba umeelewa, hukukariri.

Mwaka 1896 Gregory alichapisha kitabu kuhusu safari yake, na humo akalipa bonde hili jina ambalo dunia nzima inalitumia: Bonde Kuu la Ufa. Neno ufa alilichagua kwa makusudi, alitenge na mabonde yaliyochimbwa na maji. Kwa maana yake, bonde la ufa ni kipande cha ardhi kilichozama kati ya nyufa mbili au zaidi zilizo sambamba. Hiyo ndiyo fasili. Ishike hivyo hivyo.

Kama mkono unakumbuka kuliko kichwa, fanya jaribio hili kwenye meza ya muuza vitabu, kwa ruhusa yake. Simamisha vitabu saba pamoja, migongo ikitazama juu, uvibane kati ya viganja viwili na kuviinua. Sasa legeza viganja kidogo tu, kama nusu sentimita. Kitabu cha katikati kitateleza chini. Vya jirani vitashuka kidogo. Vya pembeni vitabaki juu. Una bonde, ngazi na kuta. Viganja vinavyoachana ni nguvu ya mvutano. Upungufu wa jaribio ni kwamba vitabu vimesimama wima, ilhali nyufa halisi zimelala kwa mshazari. Katika mvutano mshazari huo huinamia ndani ya bonde, na kipande cha kati huteremka juu yake kama kabari inayolegezwa.

Maisha ya Gregory hayakutulia baada ya hapo. Mwaka 1900 alikwenda Melbourne, Australia, kuwa profesa. Aliteuliwa kuongoza wanasayansi wa safari ya Scott ya Ncha ya Kusini, akajiuzulu mwaka 1901 baada ya mvutano wa nani awe na amri, mwanamaji au mwanasayansi. Mwaka 1904 akawa profesa wa jiolojia Glasgow, Uskochi, akakaa hapo hadi mwaka 1929. Lakini bonde halikumtoka. Mwaka 1919, vita vikiwa vimekwisha mwaka mmoja tu, alirudi Kenya kuyakagua upya aliyoyaona akiwa kijana, na mwaka 1921 akatoa kitabu cha pili, kinene zaidi, kuhusu mabonde ya ufa na jiolojia ya Afrika Mashariki.

Je, alieleza pia chanzo cha mvutano? Alijaribu. Aliona kwamba ardhi ya Afrika Mashariki iliinuliwa kwanza kama tao la mlango wa msikiti. Kisha, kwa maoni yake, sakafu ya Bahari ya Hindi ikazama, tao likapoteza mhimili wa upande mmoja, na jiwe la juu katikati likadondoka. Sehemu ya kuinuka kabla ya kuzama bado inakubalika. Uwanda wetu wa juu ni ushahidi. Sehemu ya bahari kuzama imeachwa. Siku zake Alfred Wegener alikuwa tayari ametoa wazo kwamba mabara husogea, na Gregory hakulikubali. Alipokuwa rais wa Jumuiya ya Jiolojia ya London, kati ya 1928 na 1930, bado alieleza bahari kuu kwa kuzama kwa nchi. Mtu aliyethubutu kuona ardhi ikishuka hakuthubutu kuiona ikienda pembeni. Leo tunajua kwamba bamba la Afrika linapasuka: sehemu ya mashariki, iitwayo bamba la Somalia, inaachana na sehemu ya magharibi kwa milimita chache kila mwaka. Mwendo huo ndio unaolegeza viganja. Matetemeko ya ardhi na volkano kama Oldoinyo Lengai, kusini mwa Natron, ni kazi inayoendelea ya mpasuko huo.

Wapo waliompinga kwa hoja nyingine, nayo inaingia kwenye mtihani. Nchini Uganda, E. J. Wayland alichunguza eneo la Ziwa Albert akaona kwamba kuta za pembeni zilisukumwa juu kwa mgandamizo, pande mbili zikaipanda sehemu ya kati na kuishikilia chini. Mwaka 1936 vipimo vya nguvu ya uvutano vilivyotolewa na Bullard vilielekea kuiunga mkono hoja hiyo. Utafiti uliofuata, hasa wa matetemeko, umeonyesha kwamba Bonde la Ufa la kwetu linanyooshwa, halibanwi. Ukiulizwa nadharia za kutokea kwa bonde la ufa, eleza zote mbili kwa michoro miwili. Ukiulizwa la Afrika Mashariki limetokeaje, usiyumbe: mvutano.

Na korongo je? Wanafunzi wengi hulichanganya hapa, kwa sababu korongo lina kuta kali kuliko hata bonde la ufa. Korongo ni bonde jembamba lenye kina na kuta zilizosimama, na kwa kawaida mchimbaji wake ni mto. Mto hukata chini kwa nguvu pale mteremko wake unapokuwa mkali, au ardhi inapoinuka huku mto haukomi kukata; na kuta husimama pale mwamba unapokuwa imara kiasi cha kutoporomoka upesi, au mvua inapokuwa haba. Mto Rufiji ulikata hivyo katika korongo la Stiegler, kabla ya kufika nyanda za chini za pwani. Ni wembamba huo uliowavuta wahandisi kuweka hapo Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115.

Lakini nenda Olduvai, ambako Wamasai husema Oldupai, uone korongo na ufa vikishirikiana. Kuta za Olduvai, zenye kina cha mita 90 hivi, ni matabaka ya mashapo ya ziwa la kale na majivu ya volkano. Yaliyalaliana kwa karibu miaka milioni mbili. Kijito cha msimu kilipita juu yake bila haraka. Kisha upande wa mashariki, chini ya Ngorongoro, ardhi ikakatika na kuzama, likatokea bonde la Olbalbal. Ghafla kijito kikawa na mahali pa chini pa kukimbilia. Mteremko ukaongezeka, maji yakapata meno, yakakata matabaka yote na kuyaweka wazi. Kwa hiyo ukiulizwa Olduvai ni bonde la ufa au ni korongo la mto, jibu: limechimbwa na maji, lakini kuzama kwa ardhi jirani ndiko kulikoyapa maji nguvu. Visukuku vya binadamu wa kale vilivyolipatia sifa vilionekana kwa sababu ya mkato huo.

Sasa unaweza kulisoma hata bonde la Msimbazi. Mto huo unatoka milima ya Pugu upande wa Kisarawe na kuingia baharini penye Daraja la Selander. Katika kipindi cha barafu, miaka 20,000 hivi iliyopita, bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa zaidi ya mita 100, na mito ya pwani yetu ilikata mabonde kuufuata usawa huo. Bahari ilipopanda, midomo ya mabonde ilizama. Bandari ya Dar es Salaam ni mdomo wa namna hiyo. Mto ukapoteza mteremko, ukaanza kutua matope badala ya kukata. Ndiyo maana Jangwani ni tambarare, na ndiyo maana mvua kubwa ikinyesha Pugu maji husambaa hapo na kufunga barabara. Tambarare ile ni kitanda cha mto, hata miezi ambayo mto haujalala juu yake.

Yapo ya Gregory yasiyopendeza, na wasifu usioyataja haujakamilika. Mwaka 1925 alichapisha kitabu cha masuala ya rangi, akitetea kwamba watu weupe na watu wa rangi nyingine waishi mbalimbali. Aliyeandika hayo alikuwa amelifikia Ziwa Baringo na kurudi salama kwa sababu ya watu weusi arobaini. Unaweza kuikubali hoja yake ya miamba na kuikataa hiyo. Ushahidi aliouleta kuhusu miamba unakaguliwa hadi leo na unasimama, wa kitabu kile hausimami.

Hata uzeeni alifuata makorongo. Mwaka 1922 alisafiri na mwanawe hadi milima ya Yunnan, kusini-magharibi mwa China, ambako mito mitatu mikubwa, Yangtze, Mekong na Salween, hupita sambamba kwenye makorongo yenye kina cha kutisha. Baada ya kustaafu alikwenda Peru kuichunguza milima ya Andes, ambayo bado inainuka huku mito ikiikata. Mto Urubamba hushuka humo kwa kasi kuelekea Amazon, ukipita kati ya kuta za miamba. Tarehe 2 Juni 1932 mtumbwi wake ulipinduka kwenye maji ya mto huo, akafa maji. Alikuwa na umri wa miaka 68. Sehemu ya Bonde la Ufa inayopita Kenya na kuingia kaskazini mwa Tanzania, hadi Natron na Manyara, wanajiolojia huiita kwa jina lake.

Kabla hujageuza ukurasa, chukua karatasi, chora sehemu mtambuko ya Ziwa Tanganyika na ya bonde la Jangwani, moja juu ya nyingine, na kwenye kila mchoro andika nguvu iliyofanya kazi na ushahidi mmoja unaoithibitisha.